Njia Inayopanda Mwishoni

Bryn Helyg, 6 Februari

Mjukuu wangu Gethin,

Hujambo huko ulikofungwa? Mimi nipo. Kifua kinakoroma kama paka wa jirani, na goti la kushoto linajua mvua kabla ya redio. Kondoo wazima. Paa linavuja palepale ulipoahidi kupaziba. Barua yako ya Krismasi niliipata, bahasha ilikuwa na maneno mengi kuliko barua yenyewe, tena imekunjwa kama ililaliwa na ng'ombe. Msalimie huyo askari anayezisoma kabla yetu, umwambie ana mikono mizito.

Sasa sikiliza. Siku ya Jumanne, yule mtoto Mabli amepona kifo kwa rehema ya Mungu tu. Watoto bado wanateremka na baiskeli ile njia ya magogo ndani ya msitu wangu, ileile ambayo babangu aliburuzia miti kwa farasi, inayoshuka wima kama ngazi na kutema watu barabarani. Ndiyo hiyohiyo aliyotokea kaka yake, Osian, siku ulipomgonga na gari ukamwua. Naandika neno lenyewe, sijui kuzungukazunguka. Utadhani kaburi la mwenzao lingewafunza, lakini watoto hawafunzwi na kaburi. Mabli kachomoka mbio, lori la maziwa likafunga breki mpaka likaenda mtaroni. Mtoto kabaki kakaa katikati ya lami, analia eti kengele yake imevunjika.

Nerys, mama yao, akatuita wote kwenye chumba cha nyuma ya kanisa.

"Tujenge ukuta," akasema Emyr wa Trekta.

"Wataupanda," akasema Nerys. "Osian alipenda baiskeli kuliko chakula, na huyu naye ndiyo hivyo. Siwezi kumfungia ndani kama kuku. Wapewe njia yao msituni, mbali na barabara."

Wote wakanitazama, maana msitu ni wangu. Nikasema, "Chukueni. Na njia nitaichora mimi."

Wakacheka. Emyr akasema, "Bi Dilys, wewe hata baiskeli hujawahi kuipanda."

"Na wewe Emyr hujawahi kuzaa, mbona unawazalisha kondoo?"

Lakini wewe unajua na mimi najua: mchoraji ni wewe. Ndiyo iliyokuwa kazi yako, umechimba njia za baiskeli milima yote hii. Na sikufichi ninachotaka. Januari ijayo unatoka. Kabla hujatoka, afisa wa magereza atakwenda kwa Nerys kumwuliza kama anataka uzuiwe kurudi hapa kwetu. Akisema uzuiwe, utazuiwa, na mimi nitakufa nikiwa napika chai ya mtu mmoja. Nataka siku hiyo ikifika, Nerys awe ameshawaona watoto wanacheka juu ya kazi ya akili yako. Hapo ndipo nitakapomwambia.

Chora. Penseli hawajawanyima.

Bibi yako,
Dilys

*

20 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Nafurahi kujua unapumua, hata kama ni kwa kukoroma. Mimi mzima. Wamenihamishia kazi ya jikoni, namenya viazi. Chakula kipo, usisikilize watu wakisema nimekonda.

Bibi, hapana.

Nilikunywa bia baada ya kazi nikashika usukani. Ulinionya tangu nilipoanza kuwa na ndevu. Mtoto alitokea, na mtu mzima ambaye hajalewa angeweza kusimama. Mimi sikusimama. Nibembeleze utakavyo, mkono uliofanya hivyo hauchori njia ya watoto, tena watoto walewale, tena mdogo wake yuleyule. Na kumficha mama yake jambo hilo ili baadaye anionee huruma ni kumtega, Bibi. Mtu aliyefiwa hategwi.

Tafuta mafundi. Wapo wengi, na ni wazuri.

Lakini ile njia ya magogo izibeni leo. Msiweke kamba wala kibao, watoto hupita chini yake. Angusheni miti mikavu ilale kukingama, mitatu au minne, kuanzia juu wanapoanzia, maana mtoto akishashika kasi haoni kizuizi. Na yeyote atakayechora njia mpya, mwambieni mwisho wake usielekee barabara. Mwisho upande mlima.

Mjukuu wako,
Gethin

*

Bryn Helyg, 3 Machi

Gethin,

Habari za viazi? Hapa kumenyesha wiki nzima, na mimi nimo humohumo ndani ya mvua, kwa hiyo uzima wangu usiuulize, uulize wa mwavuli.

Umekataa kwa maneno mengi, kisha ukafundisha kwa maneno machache. Haya machache ndiyo niliyoyachukua. Njia ya magogo tumeiziba. Emyr aliangusha miti, mimi nikasimama juu ya kisiki nikimwonyesha pa kuilaza. Akaniuliza, "Bi Dilys, umejuaje kwamba tuanzie juu?" Nikamwambia, "Nimeishi." Hakuna anayebishana na jibu hilo.

Kuhusu mafundi, tulimwita mmoja. Alikuja na viatu vyeupe. Akasema atarudi. Mpaka leo tunamngoja na viatu vyake.

Basi nimeanza mwenyewe. Nimechana pazia la chumba chako, lile jekundu, nikafunga vitambaa kwenye miti kutoka kilele mpaka kwenye zizi la zamani. Emyr alipoviona akasema, "Hii si njia, hili ni bomba." Kumbe nimeteremka moja kwa moja kama kondoo aliyeona chumvi. Kisha ikanyesha, na maji yakafuata vitambaa vyangu mstari kwa mstari, utadhani yalialikwa.

Unasema mkono wako hauchori. Vizuri, kaa na mkono wako mfukoni. Lakini Mabli ana baiskeli, ana miguu, na ana kichwa kama cha kaka yake. Majira ya joto yakifika bila njia, atairuka ile miti ya Emyr. Ukitaka kutubu, wewe mtoto, usitubu kwa kukunja mikono. Kukunja mikono hata maiti anaweza.

Nimekuwekea karatasi tupu ndani ya bahasha. Ukiirudisha tupu, nitawapeleka watoto kwenye bomba langu.

Bibi yako,
Dilys

*

19 Machi

Bibi,

Shikamoo. Kifua je? Toka kwenye mvua. Hapana, usitoke bado, kwanza soma.

Umefanya jambo moja la maana bila kujua. Njia huchorwa siku ya mvua. Siku kavu udongo unasema uongo. Rudi msituni inaponyesha, uweke kitambaa kila mahali unapoona maji yanapita au yamekaa. Hizo ni njia za maji, yalikuwepo kabla yetu. Yetu izivuke, isizifuate.

Karatasi nimeijaza pande zote mbili. Fungua vitambaa vya bomba. Anzia palepale kilele, kwenye mwaloni uliopigwa radi, halafu ukate mlima kwa ubavu. Usishuke, tembea kama mtu anayezunguka nyumba asigongane na mgeni. Kila baada ya mwendo kidogo njia ishuke, kisha ipande kidogo tu, halafu ishuke tena. Pale inapopanda maji yatashindwa kuendelea, yatatoka pembeni. Na mtoto atahisi tumbo linacheka. Kazi moja, faida mbili.

Kona ziinuliwe ukingo wa nje kwa udongo ulioshindiliwa, mtoto aegemee kama kwenye bakuli. Mizizi mikubwa iacheni, ila isilale sambamba na gurudumu, maana itamwangusha. Mtoto huenda anakotazama. Ukimwonyesha mti, atakwenda kwenye mti, kwa hiyo kila kona ifunguke atazame njia.

Mlangoni mwa njia wekeni jiwe, la kimo cha goti la mtoto, njia ipite juu yake. Usinipigie kelele. Najua utasema ni ukatili kwa wadogo. Asiyeweza kulivuka jiwe hilo hawezi kilichoko mbele, na afadhali ajue pale akiwa amesimama na mama yake yuko karibu. Atalia, atakua, atalivuka.

Na mwisho, Bibi, hapo usibadilishe hata shubiri. Njia ikipita zizi la zamani igeuke iupe mgongo barabara, ipande, ipande sana, mpaka baiskeli ichoke na mtoto ashushe mguu mwenyewe. Asifunge breki. Breki husahaulika. Mlima hausahau.

Nilikuwa sijawaza kitu kizuri siku nyingi. Usiku nimelala nikiiona.

Sharti langu ni moja. Nerys aambiwe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Akikataa, karatasi ichome.

Mjukuu wako,
Gethin

*

Bryn Helyg, 30 Mei

Gethin wangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya. Kifua kililala kitandani na mimi nikalazimika kukaa nacho. Sasa tumeamka wote wawili.

Njia inachimbwa. Jumamosi kijiji kizima kiko msituni, na mchoro wako nimeunakili kwa mkono wangu mwenyewe, na jinsi ninavyoandika unajua, hakuna atakayedhani fundi amegusa. Jiwe la mlangoni lipo. Nilikutukana kwanza kisha nikaliweka. Mwana wa mwalimu alilia, mama yake akaja kwangu na mdomo.

"Bi Dilys, jiwe gani hili, unawabagua watoto?"

"Sibagui, nachuja. Chai yako huichuji?"

Anayefanya kazi kuliko wote ni Nerys. Anafika kabla ndege hawajaamka, na sururu ya marehemu baba yake, hasemi, anachimba. Kona ya kwanza ameishindilia kwa miguu yake, anazunguka juu yake kama anayecheza ngoma peke yake. Wiki iliyopita nilimpelekea chai na mkate wa zabibu. Akakaa kwenye tuta, matope mpaka shingoni.

"Usiku silali mpaka nichoke hivi," akasema. "Bi Dilys, mimi na wewe hatukuwahi kuzungumza tangu ile kesi."

"Hatukuwahi."

"Nilikuwa nakuona dukani natoka. Sikukuchukia wewe. Niliogopa utamtaja."

"Sikumtaja."

"Usimtaje. Tukae hivihivi."

Tukakaa hivyohivyo. Nikanywa chai. Sasa wewe niambie ningefungua vipi mdomo hapo. Najua sharti lako. Nitamwambia. Acha kwanza njia iishe, aione, ampeleke Mabli juu yake. Mtu humwonyeshi unga ukamwambia ni mkate. Wewe ni kijana, hujui mambo haya yanavyopikwa.

Matufaha ya mwaka huu yatakuwa mengi.

Bibi yako,
Dilys

*

12 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia.

Alikwambia usimtaje, na wewe umempa jembe achimbe kazi yangu kwa mikono yake. Hujapika mkate. Umemlisha mtu asichokijua.

Ungeniambia mapema ningekataa, nawe ulijua, ndiyo maana barua ilichelewa. Usiseme kifua.

Mwambie sasa. Nakuomba. Kadiri anavyochimba ndivyo unavyomchimbia.

Gethin

*

Bryn Helyg, 8 Septemba

Mjukuu wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na hasira imepungua. Nimekaa mezani tangu asubuhi, kalamu inakimbia karatasi kama mbuzi anayekimbia josho.

Njia imekwisha. Jumapili baada ya ibada ilifunguliwa. Watoto wamekuja mpaka wa bonde la pili. Ungewaona! Wanashuka wanapanda, vichwa vinaonekana vinapotea nyuma ya kangaga, na makelele yao yako kila mahali, huwezi kujua nani yuko wapi. Mimi mwenyewe nimesimama zizini, macho yangu yameloa, nikasema ni upepo.

Mabli alikuja mbio kuliko wote. Niliona mama yake ameshika mkono wa Emyr mpaka Emyr amekunja uso kwa maumivu. Mtoto akapita zizi, akageuka, akaanza kupanda. Baiskeli ikapungua, ikapungua, ikasimama. Akashusha mguu, akacheka, akasema, "Tena!" Barabara iko nyuma yake, hata hakuitazama.

Nerys akaja kwangu mbele ya watu wote. Akanikumbatia. Akasema, "Kama ile ya zamani ingepanda hivi mwishoni, ningekuwa nao wawili. Mungu akulipe, Bi Dilys, kwa kulifikiria hilo."

Nikakumbatiwa, Gethin. Nikasema, "Amina."

Kisha watoto wakaleta kibao. Unajua wenye baiskeli hawana njia isiyo na jina, na hii watoto walichagua wenyewe, wakapiga kura shuleni, mimi sikuwemo. Wamechonga kwa herufi kubwa na kupaka rangi ya njano. Wameiita OSIAN. Emyr amekisimamisha mlangoni, karibu na jiwe.

Nilitaka kusema pale. Midomo ilifunguka. Lakini Nerys alikuwa anakipapasa kile kibao kwa kidole, herufi moja moja, na mimi si jasiri kama ulivyodhani ulipokuwa mdogo.

Niambie nifanye nini. Sijawahi kukuuliza wewe neno hilo.

Bibi yako,
Dilys

*

15 Septemba

Bibi,

Jina la mtoto limewekwa juu ya kazi yangu, na mama yake hajui.

Kesho asubuhi nenda. Usiniandikie tena mpaka umekwenda. Mwisho wa Novemba ukinikuta bila barua yako, nitamwandikia yeye mwenyewe, na hilo sheria hainiruhusu, wataniongezea miezi. Sijali.

Gethin

*

Bryn Helyg, 24 Novemba

Gethin,

Sikusalimii kwa urefu, utaniwia radhi. Mimi nipo. Wewe uwepo.

Nimekwenda. Si ile kesho yako, nilichelewa tena, nilikwenda wiki iliyopita, kwa kuogopa usije ukaandika. Nerys alikuwa jikoni anakata karoti. Mabli yuko shule. Sikukaa.

"Nerys, ile njia sikuichora mimi."

Akacheka kidogo. "Najua. Huwezi kuchora hata kuku. Nani, yule fundi wa viatu vyeupe?"

"Gethin."

Kisu kikasimama. Nikasikia bomba linadondosha, tone, tone.

"Kaichora lini?"

"Machi. Kwa barua."

"Kabla sijaanza kuchimba."

"Kabla."

"Na ile sehemu ya mwisho? Ile kupanda?"

"Hiyo ilikuwa ya kwanza. Kabla hata hajakubali kuchora."

"Nilikushukuru."

"Ulinishukuru."

"Ukasema amina."

Akaweka kisu chini polepole, akakisukuma mbali naye. "Toka, Bi Dilys. Toka kabla sijawa mtu mwingine."

Kesho yake nilisikia msumeno. Nilimkuta mlangoni mwa msitu, peke yake, anakata mguu wa kile kibao. Hakunitazama. Alipomaliza alikibeba begani kama mtu anayempeleka kitandani mtoto aliyesinzia, akaondoka nacho.

Habari ikaenea, kijiji kikakutana kanisani. Mimi sikuitwa, nilikwenda. Emyr alisimama akasema ataipita njia yote kwa trekta, alfajiri, pasibaki hata kona. Wengi wakapiga makofi. Mwanamke yule aliyelalamikia jiwe alinitazama akasema, "Tumelishwa uchafu." Nikamjibu kwamba msitu ni wangu na trekta likigusa mti mmoja nitalala mbele yake. Emyr akasema, "Lala, mwanamke mwongo." Huyo ndiye aliyekunywa chai yangu tangu akiwa na kaptula.

Nerys akanyamazisha watu. Akasema, "Njia haina kosa. Nimeichimba mimi. Mabli ataipita, na wenu watapita. Lakini haina jina, na asitokee mtu wa kuipa."

Afisa akaja Alhamisi. Sikumngoja mtu aniletee habari. Nerys mwenyewe alisimama getini kwangu, hakuingia, mvua inamchapa.

"Nimeulizwa," akasema. "Nimesema azuiwe. Kijiji na bonde lote, muda wote ambao sheria inaruhusu. Nimetaka ulisikie kwangu."

"Hata kuja kunizika?"

"Hata hivyo."

Nikamwuliza, "Ningekwambia Machi, ungesema vingine?"

Akafikiri kweli, Gethin. Hakunijibu kwa hasira. "Sijui. Lakini ungeniachia niamue mwenyewe. Sasa najua."

Basi hivyo. Mpango ulikuwa wangu na umeharibiwa na mimi. Usinihurumie, na usijaribu kuniambia maneno matamu, huyajui. Msitu nimeuandikisha kwa kijiji, mwanasheria alikuja na karatasi, nikatia sahihi. Emyr haleti tena kuni. Nimenunua jiko la gesi, linanuka. Huko watakakokupeleka nitakuja nikiweza, ila ni mabasi mawili ya kubadilisha, na daktari anakitikisia kichwa kifua hiki.

Kuna neno moja zaidi. Alipokwisha kusema pale getini hakuondoka. Alisimama tu, maji yanamtiririka kwenye kofia. Nikadhani anataka kunitukana vizuri.

Akasema, "Kona ya pili maji yanakaa. Tumechimba mtaro mara mbili, yanarudi. Barafu ikija patakuwa kioo, na Mabli hapunguzi mwendo."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sijui. Ajuaye ni mmoja tu."

"Najua ni nani," akasema. "Muulize."

Akaenda zake. Nimeuliza.

Bibi yako,
Dilys

*

2 Desemba

Bibi,

Shikamoo. Barua imefika leo, najibu leo ili iwahi barafu.

Kona ya pili sijaiona, kwa hiyo nitasema kwa namna mbili.

Wasimame hapo mvua ikinyesha, wasiende siku kavu. Kama maji yanakaa upande wa ndani wa kona, kosa ni langu: nimeiinua mapema mno, tuta limekuwa kama bakuli lisilo na tundu. Mtaro hautasaidia, utajaa majani. Waifungue njia hatua chache kabla ya kona, washushe ukingo wa chini uwe mpana kama mlango, mteremko mdogo tu, maji yatoke kabla hayajaingia kwenye kona. Watumie jembe pana, wasitumie sururu. Sururu inaacha mashimo.

Kama maji yanachuruzika kutoka mlimani juu ya kona, basi pana chemchemi ambayo haikuonekana ulipoweka vitambaa. Hapo msishindane nayo. Kona ivunjwe yote, udongo urudishwe, na mpya ichimbwe juu zaidi, mahali pakavu. Najua ameishindilia kwa miguu yake. Mwambie asiionee huruma.

Wakimaliza wamwage maji ndoo moja juu, watazame yanakokwenda. Yakitoka, imepona. Yakikaa, wachimbe tena.

Mimi Januari napelekwa mjini, mbali. Chumba kipo na kazi ya ghala ipo. Anwani nitakutumia wewe tu. Nimetulia, nakula, usipande mabasi na kifua hicho.

Mpe Nerys karatasi hii, ila ukate kipande nilichotaja mambo yangu, asikione.

Na mpaka pakauke, watoto wasipite hapo. Hata mmoja.

Mjukuu wako,
Gethin